Mfululizo, Mfuatano na Mtawalia: Uhakiki wa Sentensi Moja ya Ripoti

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki sentensi moja tu. Sentensi yenyewe ni hii: "Chuja wagonjwa wenye vipimo viwili mfululizo vilivyo juu ya 1,000." Ni sentensi ya aina ambayo mganga humwandikia karani wa takwimu anapotaka ripoti kutoka katika hifadhidata ya kituo. Haina kosa la sarufi, na kila neno lililomo ni Kiswahili cha kawaida. Hata hivyo twadai kwamba haijakamilika, na kwamba makarani wawili wenye bidii na uaminifu sawa waweza kuitii sentensi hiyo na kumletea mganga orodha mbili zisizofanana.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la istilahi lijishughulishe na jambo la makarani. Jibu letu ni kwamba katika miaka ya karibuni wataalamu wa lugha wametumia wino mwingi kubishana iwapo tuseme hifadhidata au kanzidata. Ubishi huo una nafasi yake. Lakini hapana mgonjwa aliyepata kudhurika kwa sababu karani alisema kanzidata badala ya hifadhidata. Madhara hutoka katika maneno madogo ambayo hapana anayeyafikiria kuwa ni istilahi: kipimo, mfululizo, chuja, juu ya.

I. Jambo linalozungumzwa

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa nchini, mkoani Kagera mwaka 1983, lugha yetu haikuwa hata na jina la maradhi hayo. Leo tunayo UKIMWI, VVU, ufuasi wa dawa, kituo cha tiba na matunzo, na dawa za kufubaza VVU. Na maneno haya hutumiwa Engutoto na Ngaramtoni sawasawa na yanavyotumiwa Dar es Salaam. Hili la kufubaza lastahili sifa ya pekee. Kitu kilichofubaa kimepoteza mng'ao wake lakini bado kipo. Hali kadhalika virusi vilivyofubazwa havijatoka mwilini, bali vimepungukiwa nguvu. Neno moja limemweleza mgonjwa kwa nini anapata nafuu na kwa nini haimpasi kuacha dawa. Hiyo ndiyo istilahi njema.

Ili kujua kama dawa zinafanya kazi, maabara hupima wingi wa virusi katika damu. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo hiki kiwe njia kuu ya kufuatilia tiba, na likaeleza kwamba dawa zihesabiwe kuwa zimeshindwa iwapo wingi wa virusi umezidi nakala 1,000 kwa mililita moja katika matokeo mawili yanayofuatana, yaliyopishana miezi 3, na kati yake mgonjwa awe amepewa msaada wa ufuasi wa dawa. Sababu yake ni dhahiri. Tokeo moja lililo juu laweza kutokana na mgonjwa kukosa dawa kwa wiki chache, labda kwa safari au kwa mashaka ya nyumbani. Akisaidiwa kurudia utaratibu wake, virusi hushuka tena. Tokeo la pili ndilo linalotenganisha dawa zilizoachwa na dawa zilizoshindwa.

Katika vituo vya tiba na matunzo nchini, habari za mgonjwa huandikwa katika kadi iitwayo CTC2, na kadi hizo huingizwa katika hifadhidata. Kwa hiyo mganga anayetaka kuwajua wagonjwa wa kuangaliwa kwa haraka huomba ripoti, na ombi hilo huwa ni sentensi kama ile tunayoihakiki. Orodha ikiwa pana mno, mtu atabadilishiwa dawa ambazo bado zingemfaa, ilhali aina za dawa si nyingi kiasi cha kuzichezea. Orodha ikiwa finyu mno, mtu ataendelea kumeza dawa zisizomsaidia, huku virusi vikizidi kuwa sugu. Hili ndilo lililo nyuma ya neno mfululizo.

II. Kipimo na tokeo

Tuanze na kipimo. Neno hili limebebeshwa mizigo mingi. Kibaba ni kipimo, rula ni kipimo, kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa ni kipimo, kitendo cha kupima damu huitwa kipimo, kifaa cha kupimia huitwa kipimo, na hata jibu linalorudi kutoka maabara watu huliita kipimo, kama wasemavyo, "Kipimo changu kimetoka kibaya."

Katika mazungumzo hapana dhara. Katika ripoti dhara lipo, tena kwa namna ya pekee katika tiba ya VVU. Mtu anapopimwa kwa mara ya kwanza ili ajulikane kama ana maambukizi, maabara hutumia vitendanishi vya aina zaidi ya moja, kimoja kikifuata kingine, siku ile ile. Basi mtu aliyezoea chumba cha upimaji akisikia "vipimo viwili mfululizo", hufikiri vitendanishi viwili katika siku moja. Mtu aliyezoea chumba cha matunzo hufikiri wingi wa virusi uliopimwa Januari na ukapimwa tena Aprili. Wote wawili wanafanya kazi chini ya paa moja na wanasema Kiswahili kimoja.

Twaona yafaa kazi zigawanywe hivi: kupima kuitwe upimaji, aina ya upimaji na kifaa chake viendelee kuitwa kipimo, na jibu linalorudi liitwe tokeo, kwa wingi matokeo. Maneno yote matatu tunayo tayari.

III. Neno mfululizo

Sasa tufike kwenye kiini. Mfululizo linatokana na kitenzi fululiza, yaani kuendelea bila kusita. Basi lililofululiza kutoka Arusha mpaka Moshi halikusimama Usa River. Mvua ya mfululizo ni mvua isiyoacha nafasi ya kuanika kahawa. Katika asili yake, basi, neno hili lakataa mwanya wa wakati.

Tazama lilivyotumiwa katika sentensi yetu. Utaratibu wa tiba unataka matokeo mawili yaliyopishana miezi kadhaa, na katika muda huo mgonjwa ashauriwe. Mwanya huo umekusudiwa. Ndio unaolipa tokeo la pili thamani yake. Nasi tumeuita kwa neno ambalo asili yake ni kutokuwapo mwanya. Karani anayeichukua sentensi kama ilivyo aweza kuhesabu kuwa ni halali matokeo mawili ya siku mbili zilizogusana, na akayaacha yale yaliyopishana miezi mitatu kwa kuwa "hayakufululiza".

Atatokea mwenye kupinga. Atasema kwamba Waswahili husema timu imetwaa ubingwa mara tatu mfululizo, na hapana anayedhani kwamba ligi tatu zilichezwa bila mapumziko. Pingamizi hili ni la kweli, na yafaa lijibiwe kwa haki. Mfululizo wa ubingwa unaeleweka kwa sababu kila msikilizaji anajua orodha inayohesabiwa: kila msimu una bingwa mmoja, na baada ya msimu mmoja huja mwingine. Orodha ikijulikana, neno halina budi kueleweka. Katika kituo cha tiba orodha haijulikani. Je, tunahesabu siku? Tunahesabu mahudhurio ya mgonjwa? Tunahesabu sampuli zilizochukuliwa, au matokeo yaliyorudi? Sentensi yetu haisemi.

Wakazi wa miteremko ya Meru wana mfano mzuri wa jambo hili. Soko la Tengeru lina siku zake mbili kwa juma, Jumatano na Jumamosi. Jumatano na Jumamosi si siku zinazofuatana. Kati yake zipo Alhamisi na Ijumaa. Lakini ni siku za soko zinazofuatana, kwa kuwa hapana siku nyingine ya soko iliyo kati yake. Hali kadhalika mtoto wa shule ya msingi hufundishwa kwamba 2 na 4 ni namba shufwa zinazofuatana, ingawa 3 ipo katikati, kwa kuwa 3 si shufwa. Kufuatana, kwa hiyo, si sifa ya vitu viwili peke yake. Ni sifa ya vitu viwili ndani ya orodha fulani, na asiyeitaja orodha hajasema kitu.

Maneno mengine yaliyo jirani hayatuokoi. Mtawalia kwa asili lilikuwa na maana ya moja baada ya moja, lakini waandishi wengi wa vitabu vya shule wamelipa kazi nyingine, kama katika "Asha na Juma walipata alama 60 na 75 mtawalia". Na kazi hiyo ni ya lazima, haifai kuvurugwa. Sanjari lilikuwa la vitu vilivyopangana nyuma kwa mbele, nalo leo wengi hulitumia kwa maana ya pamoja na. Kuandamana, neno zuri la wazee, limekwisha kuchukuliwa na maandamano ya barabarani. Kitenzi fuatana ndicho kinachobaki, nacho kina faida moja kubwa: kinamfanya msikilizaji aulize, "Yanafuatana katika nini?" Swali hilo ndilo tunalolitaka.

IV. Kuchuja

Neno chuja nalo lina mtego wake. Tunapochuja tui, tunachukua kinachopita na kutupa machicha. Tunapochekecha unga, unga hupita na chenga hubaki juu ya chekecheo. Katika eneo la Meru kuchuja kuna picha moja zaidi: maji ya chemchemi na visima vingi yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, nayo hugeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia. Kituo cha utafiti kilichoko Ngurdoto kimeshughulikia uondoaji wa floridi hiyo kwa mkaa wa mifupa. Kwa mtu wa huku, basi, kuchuja ni kuzuia kibaya ili kizuri kipite.

Katika ripoti yetu mambo yamegeuka. Tunaowataka wabaki katika orodha ni wale wenye hatari, na wasio na hatari ndio wanaoondolewa. Mtu akiambiwa "chuja wenye zaidi ya 1,000", aweza kuelewa kwamba awaondoe, kama anavyoondoa floridi. Hatusemi neno litupwe. Limekwisha kuenea na ni zuri. Twasema tu kwamba lisisimame peke yake. Ombi la ripoti liseme "bakiza" au liseme "ondoa".

Lakini upo mtego mkubwa zaidi, nao unahusu utaratibu wa kazi yenyewe. Katika hifadhidata kila tokeo huwekwa katika safu yake, na sharti la kuchuja huitazama kila safu peke yake. Safu haijui jirani yake. Ili kujua kama matokeo mawili yanafuatana, yapasa kwanza matokeo ya kila mgonjwa yakusanywe pamoja, kisha yapangwe kwa tarehe, kisha kila moja lilinganishwe na lililolitangulia. Hapo ndipo kuchuja kufanyike. Anayechuja kwanza na kupanga baadaye huzaa majirani wa uongo.

Tuchukue wagonjwa wanne wa kutunga, ili jambo lionekane.

Mgonjwa wa kwanza alipimwa Januari 2023, akawa na nakala 2,400; akapimwa Aprili, akawa na 3,100. Huyu hana utata.

Mgonjwa wa pili alikuwa na 2,400 mwezi wa Januari, chini ya 50 mwezi wa Aprili, na 1,800 mwezi wa Oktoba. Karani akianza kwa kuondoa kila safu isiyozidi 1,000, tokeo la Aprili hutoweka, na yale ya Januari na Oktoba hukaa bega kwa bega kana kwamba yanafuatana. Mtu ambaye dawa zilikwisha kumfaa ameingizwa katika orodha ya walioshindwa na dawa.

Mgonjwa wa tatu alikuwa na 5,000 mwezi wa Januari. Sampuli yake ya Aprili iliharibika njiani na haikutoa tokeo. Mei akawa na 4,200. Tukihesabu sampuli, Januari na Mei hazifuatani. Tukihesabu matokeo halali, yanafuatana. Sentensi yetu haitupi njia ya kuamua, na huyu ndiye mgonjwa ambaye kusahauliwa kwake kungekuwa na hatari kubwa.

Mgonjwa wa nne ana safu mbili zenye 2,900, zote za tarehe 3 Februari 2023. Ni sampuli moja iliyoingizwa mara mbili. Kwa asili ya neno mfululizo, hapana matokeo yaliyofululiza kupita haya. Kwa kusudi la tiba, ni tokeo moja.

Karani aliyechuja kwanza atawaleta wote wanne. Aliyehesabu sampuli na kudai ipite miezi mitatu atamleta mmoja. Aliyehesabu matokeo halali na kudai miezi hiyo hiyo atawaleta wawili. Kila mmoja aweza kuonyesha sentensi ile ile na kusema, "Nilifanya nilivyoagizwa." Kompyuta haikukosea popote, wala makarani.

Tuongeze jambo dogo kuhusu "juu ya 1,000". Je, mwenye 1,000 kamili yumo? Kiswahili kina njia mbili zilizo wazi, kuzidi na kuanzia, nazo zatosha. Kadhalika sentensi haikusema kama mganga anataka matokeo mawili ya mwisho, au mawili yoyote tangu mgonjwa alipoanza dawa. Anayetaka kujua hali ya leo na anayeandika historia ya kituo hawahitaji orodha moja.

V. Fasili kabla ya neno

Tatizo hili si la VVU peke yake. Katika hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, iliyoanza mwaka 1926 na ambayo ndiyo iliyoanza tiba ya kifua kikuu sugu nchini mwaka 2009, swali ni lile lile kwa upande wa pili: ni lini mgonjwa ahesabiwe kuwa vijidudu vimekoma kuota katika makohozi yake? Fasili ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 ilitaka matokeo mawili ya kuotesha yanayofuatana, yote yasiwe na vijidudu, na sampuli zake zipishane siku zisizopungua 30. Mwaka 2021 fasili ikabadilishwa, na siku zikawa zisizopungua 7. Neno lenyewe halikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni namba iliyo ndani ya fasili. Mtu aliyejifunza neno bila fasili hatajua kwamba kuna kilichobadilika, na ripoti yake ya mwaka mmoja hailingani na ya mwaka mwingine.

Hapa ndipo uhakiki wetu unapoigeukia kazi ya istilahi yenyewe. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, vyombo vyetu vya lugha vimetoa orodha nyingi za istilahi, na sehemu kubwa ya orodha hizo ni za jozi: neno la kigeni upande mmoja, neno la Kiswahili upande wa pili. Zilikuwa za lazima, kwa kuwa idara za serikali zilihitaji maneno upesi. Lakini jozi huleta neno tu na kuiacha fasili nyuma. Panapokuwa na kitu kinachoshikika, kama darubini au sindano, hasara ni ndogo, kwani kitu chenyewe ndicho fasili. Panapokuwa na uhusiano, kama kufuatana, kupishana au kuzidi, jozi haitoi kitu. Twaamini kwamba maneno ya uhusiano ndiyo yanayostahili fasili ndefu kuliko yote, na ndiyo yanayopewa fupi kuliko yote.

Mapendekezo yetu ni haya. Kwanza, katika ripoti za upimaji litumike tokeo kwa jibu la maabara, na kipimo kiachiwe aina ya upimaji na kifaa chake. Pili, mfululizo libaki kwa mambo yasiyokatizwa kwa wakati. Kwa matokeo yanayoandamana katika orodha litumike -fuatana, na orodha itajwe. Na mtawalia liachiwe kazi ya kuoanisha. Tatu, kila fasili ya matokeo yanayofuatana ieleze mambo matatu: orodha inayohesabiwa, kinachoukata mfuatano, na muda wa kupishana. Nne, chuja lisitumike bila kusema kinachobaki.

Kwa kufuata mapendekezo hayo, sentensi tuliyoanza nayo ingeandikwa hivi:

"Kwa kila mgonjwa, panga matokeo yote halali ya wingi wa virusi kwa tarehe ya kuchukuliwa sampuli, sampuli moja ihesabiwe mara moja tu. Kisha bakiza katika ripoti kila mgonjwa ambaye matokeo yake mawili ya mwisho, yanayofuatana katika mpangilio huo, yote yanazidi nakala 1,000 kwa mililita moja, na ambaye sampuli za matokeo hayo zilipishana kwa muda usiopungua miezi 3."

Ni ndefu mara kadhaa kuliko ile ya kwanza, na hapana neno jipya lililobuniwa. Wapo watakaoona kwamba mganga mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni hana nafasi ya kuandika hivyo kila mara. Ni kweli, na hapana haja. Fasili ikiisha kuandikwa mara moja, ikakubaliwa na kubandikwa ukutani mwa chumba cha takwimu, mganga aweza kusema maneno matatu tu, "matokeo mawili yanayofuatana", na karani akamwelewa.

Wasomaji wanaofanya kazi katika maabara, vituo vya tiba na ofisi za takwimu, hasa wale wanaosikia maneno mengine yakitumiwa kwa maana hizi katika sehemu zao, wanaombwa watuletee maoni yao ili yafikiriwe kabla istilahi hizi hazijapelekwa kusanifishwa.